Kipimo Kimoja kwa Pande Zote

Tarehe 15 Agosti 2022, katika ukumbi wa Bomas jijini Nairobi, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Kenya (IEBC), Wafula Chebukati, alimtangaza William Ruto kuwa mshindi wa urais kwa asilimia 50.49 ya kura. Raila Odinga alipata asilimia 48.85. Makamishna wanne kati ya saba walikuwa wamekwisha kuyakana matokeo hayo kabla hayajasomwa. Kesho yake, wakiongozwa na makamu mwenyekiti Juliana Cherera, walieleza sababu zao. Mojawapo ilikuwa hii: asilimia za wagombea wote wanne ukizijumlisha zinafika 100.01, na ile 0.01 iliyozidi ni sawa na kura zipatazo 142,000.

Dai hilo lilikuwa zito. Katiba inamtaka mshindi avuke nusu ya kura, na Ruto alikuwa ameivuka kwa kura takriban 70,000 tu. Kura 142,000 zisizo na mwenyewe zingetosha kuutia ushindi wake shaka kubwa. Lakini kura halali zilikuwa kama milioni 14.2, na asilimia 0.01 ya milioni 14.2 ni 1,420, si 142,000. Hata hizo 1,420 hazikuwa kura. Ukigawanya kura za kila mgombea kwa jumla, utaona kwamba asilimia za wote wanne, yaani Ruto, Raila, George Wajackoyah na David Mwaure, zilipanda kidogo zilipofupishwa hadi nafasi mbili za desimali. Ziada hizo ndogo nne ndizo zilizozaa 100.01. Mwenye simu angeweza kulihakikisha jambo hili kwa dakika chache.

Wapo waliohakikisha, na hesabu sahihi ikaanza kusambaa. Hata hivyo, wengi hawakulichukua dai lile kama hesabu. Walilichukua kama bendera. Waliomuunga mkono Raila walilisambaza kwa sababu lilisema walichokuwa wakikihisi. Waliomuunga mkono Ruto walilikataa, tena kwa haki, lakini wakaenda mbali zaidi: wakasema makamishna waliokosea hesabu namna ile hawana neno lolote la kusikilizwa. Hapo nao wakakosea. Makamishna wale walikuwa na lalamiko jingine, kwamba mwenyekiti aliwatenga katika hatua ya mwisho ya kujumlisha matokeo. Lalamiko hilo halikutegemea ile 0.01 hata kidogo, na lilistahili kupimwa peke yake. Mahakama ya Juu ililipima. Tarehe 5 Septemba majaji wote saba waliuthibitisha ushindi wa Ruto, lakini hawakuficha kwamba uongozi wa tume ulikuwa na kasoro zinazohitaji kurekebishwa.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba swali la kuunda maoni ya siasa kwa haki haliishii katika kutafuta chombo cha habari kisichoegemea upande wowote. Chombo kama hicho sijakiona Nairobi wala Dar es Salaam, wala sitarajii kukiona. Ninachoamini ni kwamba haki ya maoni hupatikana tunapoacha kupima wasemaji na kuanza kupima madai, moja baada ya jingine, kwa kipimo kilekile tunachotumia kwa upande wetu na kwa upande wa wapinzani wetu. Kazi hiyo ni ngumu, na sehemu yake iliyo ngumu zaidi haihusu vyombo vya habari. Inatuhusu sisi wenyewe.

Tuvitazame kwanza vyombo. Mwaka ule wa 2022, IEBC iliweka kwenye tovuti yake picha za fomu 34A kutoka vituo vya kupigia kura zaidi ya 46,000. Fomu 34A ndiyo hati ya kwanza kabisa ya matokeo: hujazwa na msimamizi wa kituo kura zinapomaliza kuhesabiwa, hutiwa saini na mawakala wa wagombea, na nakala hubandikwa pale kituoni. Vyombo vya habari vikazipakua fomu hizo na kujumlisha vyenyewe. Matokeo yake yaliwachanganya Wakenya: usiku mmoja, televisheni moja ilimwonyesha Ruto akiongoza na nyingine ikamwonyesha Raila. Watu wakaanza kuhama stesheni hadi wapate ile inayowapa usingizi.

Hakuna aliyehitaji kudanganya ili tofauti hiyo itokee. Fomu zilikuwa zilezile. Kilichotofautiana ni mpangilio wa kuziingiza. Ukianza na fomu za Mlima Kenya au Bonde la Ufa, Ruto yuko juu. Ukianza na za Nyanza au Pwani, Raila yuko juu. Aliyesema stesheni fulani inaiba kura kwenye skrini alikosea, na aliyesema stesheni yake imethibitisha ushindi alikosea vilevile. Siku chache baadaye vyombo hivyo vikapunguza mwendo, kisha vikanyamaza kabla ya kufika mwisho. Kwa maoni yangu, kunyamaza kule kuliwaumiza wananchi kuliko tofauti za namba. Vilikuwa na hati zote mikononi, lakini vikawaacha watu na uvumi.

Upendeleo mwingi una sura hiyo. Watu hudhani chombo chenye upendeleo ni kile kinachosema uongo, na kweli uongo upo: mwaka 2017 zilienezwa Kenya video bandia zenye nembo za BBC na CNN, zikidai kutoa kura za maoni. Lakini uongo wa namna hiyo hugunduliwa mapema. Upendeleo unaodumu hukaa katika uchaguzi wa nini kitangulie, nini kipewe ukurasa wa kwanza, nani ahojiwe kwa dakika kumi na nani kwa sekunde kumi, na jambo gani lisitajwe kabisa. Gazeti laweza kuandika sentensi za kweli tupu kwa mwaka mzima na bado likampa msomaji picha ya uongo.

Ndiyo maana ni vizuri kujua chombo ni cha nani na kinaishi kwa nini. Royal Media Services, yenye Citizen na redio nyingi za lugha za mama, ni ya S. K. Macharia. Mediamax, yenye K24 na Kameme, imehusishwa kwa miaka mingi na familia ya Kenyatta, na Standard Group na familia ya Moi. Tanzania, HabariLeo ni gazeti la serikali na Uhuru ni la chama tawala, CCM. Juu ya umiliki kuna matangazo ya biashara. Serikali ndiyo mteja mkubwa, na mteja mkubwa akikasirika mhariri huhisi. Mwaka 2024 serikali ya Kenya iliagiza matangazo ya redio na televisheni ya taasisi zake yaelekezwe KBC, shirika lake yenyewe. Tena kuna swichi. Januari 2018 Citizen, NTV na KTN zilizimwa kwa sababu ya kutangaza moja kwa moja sherehe ya Raila kujiapisha kuwa rais katika bustani ya Uhuru Park. Mahakama iliamuru zirudishwe hewani, na bado amri hiyo haikutekelezwa papo hapo.

Kujua mmiliki, hata hivyo, ni mwanzo tu. Wengi wetu tukishajua gazeti ni la nani, tunafunga mjadala: hilo ni la fulani, achana nalo. Mahakamani shahidi mwenye maslahi hafukuzwi kizimbani. Husikilizwa, kisha hakimu huuliza: katika aliyoyasema, yapi yanamnufaisha na yapi yanamgharimu? Ushuhuda unaomgharimu msemaji una uzito wa pekee. Tarehe 18 Oktoba 2017, siku chache kabla ya uchaguzi wa marudio ulioitishwa baada ya Mahakama ya Juu kuufuta ule wa Agosti, kamishna wa IEBC Roselyn Akombe alijiuzulu akiwa New York, na siku hiyohiyo mwenyekiti Chebukati akasema hadharani kwamba hawezi kuwahakikishia Wakenya uchaguzi wa kuaminika. Mwenyekiti wa tume hakuwa na faida ya kuitilia shaka tume yake. Mtu aliyekuwa akiitetea IEBC kwa nguvu zote alipaswa kuyapa maneno yale uzito mkubwa kuliko hotuba mia za upinzani.

Dawa inayopendwa mno kwa maradhi haya ni ile ya kusoma pande zote mbili na kusema ukweli uko katikati. Inaonekana ya kiungwana, lakini siikubali. Katikati ya 1,420 na 142,000 hakuna ukweli wowote. Mtu aliyegawanya tofauti akasema labda kura kama 70,000 zilizidi, alikuwa amekosea sawasawa na waliomtangulia, ila alijisikia mwadilifu zaidi. Desturi hii pia huwapa faida waongo wakubwa: wakijua msikilizaji atasimama katikati, wao huvuta upande wao mbali zaidi ili hiyo katikati isogee. Kusoma pande zote ni lazima, kwa sababu upande mmoja hautakuambia kilichofichwa. Kusimama katikati si lazima.

Na wingi wa vyanzo nao una mtego wake. Kabla ya uchaguzi wa 2022, kura za maoni za mwisho za Infotrak, TIFA na Ipsos zote zilimweka Raila mbele. Msomaji makini aliyekataa kutegemea taasisi moja, akasoma tatu, akaona zinakubaliana, alikuwa na kila sababu ya kuamini. Matokeo yakaja kinyume. Vyanzo vitatu vinavyouliza watu wa aina moja kwa njia zinazofanana, na kukutana na waliojibu kwamba bado hawajaamua au waliokataa kutaja chaguo lao, vyaweza kukosea kwa pamoja. Hali ni hiyohiyo kwenye WhatsApp. Ujumbe uliofika katika makundi matano, la familia, la chama cha akiba, la kanisa, la waliosoma pamoja na la mtaa, unaonekana umethibitishwa mara tano. Mara nyingi una chimbuko moja, na pengine hilo chimbuko lenyewe hakuna anayelijua.

Wala heshima ya msemaji haitoshi. Agosti 2017 waangalizi wa kimataifa, miongoni mwao John Kerry, waziri wa zamani wa mambo ya nje wa Marekani aliyekuwa na ujumbe wa Carter Center, waliusifu uchaguzi wa Kenya na kuwahimiza walioshindwa waende mahakamani. Walikwenda. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu, majaji wanne dhidi ya wawili, iliufuta uchaguzi wa urais kwa sababu ya kasoro katika utumaji na uhakiki wa matokeo. Mshindi alikuwa ametangazwa huku maelfu ya fomu 34A hayajapatikana kwa ukaguzi, na tume haikuifungulia mahakama mitambo yake kama ilivyoamriwa. Waangalizi hawakusema uongo. Walitazama kilichoonekana: foleni, masanduku, uhesabuji vituoni. Walipotoa hukumu, sehemu iliyokuja kuuangusha uchaguzi ilikuwa nje ya macho yao.

Tofauti ya 2017 na 2022, basi, haikuwa kwamba Wakenya walikuwa wamekuwa waungwana zaidi au wanahabari wamekuwa waadilifu zaidi. Ilikuwa kwamba mwaka 2022 hati ilikuwa wazi. Na nyuma ya yote uko uchaguzi wa mwaka 2007, ambao Tume ya Kriegler, iliyouchunguza, ilihitimisha kwamba matokeo yake yalikuwa yamevurugwa kiasi kwamba haiwezekani kujua nani alishinda. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa katika ghasia zilizofuata. Wafuasi wa pande zote mbili walikuwa na imani thabiti juu ya mshindi ambaye hata tume ya uchunguzi, kwa miezi yake ya kazi, haikuweza kumjua.

Nchini Tanzania swali lina ugumu wa aina nyingine, na mtu anayetoa ushauri kwa Wakenya na Watanzania kwa maneno yaleyale hawatendei haki Watanzania. Huko Ibara ya 41(7) ya Katiba hairuhusu mahakama kuchunguza uchaguzi wa rais aliyekwisha kutangazwa. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilibadilishwa ikawa kosa kuchapisha takwimu zinazopinga za serikali. Mwaka uliofuata makali hayo yakapunguzwa. Mwaka huohuo wa 2018, shirika la kiraia la Twaweza lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba walioukubali utendaji wa Rais Magufuli walikuwa asilimia 55, kutoka asilimia 71 mwaka 2017. Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) ililiandikia barua ikihoji kibali, na mkurugenzi wa Twaweza, Aidan Eyakuze, akanyang'anywa pasipoti. Mwaka 2020 takwimu za UVIKO-19 ziliacha kutangazwa, idadi ikasimama kwenye wagonjwa 509 kana kwamba ugonjwa ulikuwa umekoma.

Kisha ikaja tarehe 29 Oktoba 2025. Intaneti ilizimwa siku ya uchaguzi. Rais Samia Suluhu Hassan alitangazwa mshindi kwa takriban asilimia 98, kiongozi wa upinzani Tundu Lissu akiwa mahabusu kwa kesi ya uhaini. Katika siku za kwanza upinzani ulitaja mamia ya waliouawa katika maandamano, na serikali haikutoa idadi yoyote. Mtanzania mwadilifu afanye nini hapo? Hana fomu ya kupakua, na gazeti lake linajua mpaka wake. Video zinazomfikia zimepitia kwa ndugu walio ughaibuni, nyingine bila tarehe wala mahali.

Naona anaweza kufanya mambo mawili. La kwanza ni kutoijaza nafasi iliyo wazi kwa idadi aipendayo. Kusema "sijui ni wangapi" si woga ikiwa kweli hujui. La pili, lisilotengana na la kwanza, ni kukumbuka nani aliyeiacha nafasi hiyo wazi. Kutojua kwetu hakukutokea kwa bahati mbaya. Kuna aliyekuwa na uwezo wa kutujulisha na hakufanya hivyo. Anayezima taa hawezi kudai kwamba giza linamtetea. Kwa hiyo tunaweza kuwa na shaka juu ya idadi na wakati huohuo kuwa na hukumu thabiti juu ya ufichaji. Wako wanaodhani haki inawataka wawe na shaka sawa juu ya kila kitu. Sikubaliani nao, kwa sababu shaka inayogawiwa sawa humnufaisha aliyeficha.

Sasa tugeuke kwetu wenyewe. Kuna jaribio moja ambalo Mkenya anaweza kujifanyia bila msaada wa mtu. Ukumbuke ulivyosema juu ya Mahakama ya Juu mwaka 2017, kisha ukumbuke ulivyosema mwaka 2022. Uhuru Kenyatta aliwaita majaji wakora baada ya ushindi wake kufutwa, na umati uliokuwa upande wa chama chake cha Jubilee ukashangilia. Raila na wafuasi wake waliisifu mahakama kama nguzo ya taifa. Miaka mitano baadaye hukumu iliwaangukia walioisifu, na wengi wao wakagundua ghafla kwamba majaji wana mabwana, huku waliowaita wakora wakigundua hekima yao. Hatua ya haki si lazima iwe kuikubali mahakama mara zote mbili. Mtu anaweza kusoma hukumu zote mbili na kusema moja ilikuwa sahihi na nyingine ilikosea. Ila awe na sababu iliyomo ndani ya hukumu, sababu ambayo angeikubali hata kama majina ya wagombea yangebadilishana.

Jaribio hilo la kubadilisha majina ndilo ninalolitegemea kuliko yote. Waziri wa chama chako akikamatwa kwa ufisadi, je, ungesema ni njama kama angekuwa wa chama kingine? Polisi wakipiga waandamanaji unaowachukia, je, wangekuwa vijana wa kijiji chenu ungetumia neno "fujo"? Ni rahisi kulieleza na vigumu kulitimiza, kwa sababu sisi hatupimi habari tukiwa peke yetu. Tunapima tukiwa wana wa jamii fulani, waumini wa dini fulani, watu wa pwani au wa bara. Kukubali hoja ya upande wa pili katika kundi la familia kunaweza kukugharimu salamu za mjomba. Mtu akisema Waafrika Mashariki wanapiga kura kwa ukabila kwa sababu hawajui kusoma habari, hajaelewa gharama hiyo.

Hata hivyo gharama hiyo hulipika, na tumeiona ikilipwa. Juni 2024, Wakenya vijana waliuchukua Muswada wa Fedha wenyewe, wakausoma kifungu kwa kifungu, wakaufafanua kwa lugha za makabila yao, wakaueleza kwa video fupi. Hawakusubiri mbunge wala mchambuzi wa televisheni awaambie kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 kwenye mkate ina maana gani. Na walivuka mipaka ya kikabila kwa sababu walikuwa wakijadili maandishi ambayo kila mmoja angeweza kuyafungua. Tarehe 26 Juni, siku moja baada ya waandamanaji kuingia Bungeni na wengine kuuawa kwa risasi, Rais Ruto alisema hatautia saini.

Hata hapo hati peke yake haikutosha. Tarehe 18 Juni kamati ya Bunge ilikuwa imetangaza kuiondoa VAT ya mkate na kodi ya asilimia 2.5 ya magari, lakini mabango ya mkate yaliendelea kusambazwa. Upande wa serikali nao uliwaita wapinzani waongo kwa kunukuu vifungu ambavyo siku chache nyuma vilikuwemo kweli. Kila upande ulikuwa na karatasi ya kweli mkononi, ya tarehe tofauti. Kabla ya kumwita mtu mwongo, inafaa kuuliza anasoma toleo la lini.

Na baada ya matoleo kulinganishwa na hesabu kusahihishwa, tofauti zitabaki. Serikali inayodaiwa ipandishe kodi au ipunguze matumizi? Nani abebe mzigo, mwenye gari au mnunuzi wa mkate? Hakuna fomu inayojibu hayo, kwa kuwa ni maswali ya nini tunakithamini na tunamhurumia nani. Nimeona watu wawili wenye habari zilezile, wote wakweli, wakitofautiana hapo, na kosa letu kubwa ni kudhani kwamba asiyekubaliana nasi amedanganywa tu na redio yake. Pengine ameielewa habari vizuri, ila maisha yake yamemfunza kuogopa kitu kingine.

Kenya itapiga kura tena Agosti 2027, chini ya tume mpya inayoongozwa na Erastus Ethekon. Swali la kama fomu 34A zitawekwa tena wazi kwa kila mtu, zote na kwa wakati, linafaa kuulizwa sasa, na kuulizwa kwa sauti moja na wanaompenda Ruto na wanaomkataa, kwa sababu leo hakuna ajuaye fomu hizo zitamfaa nani.